Uchekechaji, Si Uchunguzi

Neno uchunguzi limebebeshwa mizigo mingi mno. Polisi huchunguza wizi, wanazuoni huchunguza lahaja, daktari huchunguza maiti. Na waliojipa dhamana ya kutuundia istilahi wakaona kwamba hata mwanamke asiyeumwa popote, anayechukuliwa seli za shingo ya kizazi, naye anafanyiwa "uchunguzi wa saratani". Chunguza ni ndugu wa chungulia: ni kukodolea jambo moja lililofichika mpaka ulijue. Kipimo hiki hakifanyi hivyo. Alichokieneza Georgios Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, kwa kitabu cha mwaka 1943, ni kupaka seli kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Virusi vya papiloma, viletavyo saratani hiyo, havionekani hapo. Huonekana nyayo zake tu, yaani seli zenye uwazi mweupe kuzunguka kiini. Kipimo cha vinasaba vya kirusi, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipa nafasi ya kwanza mwaka 2021, nacho husema kirusi kipo au hakipo. Juu ya saratani hakitamki neno. Na maambukizi mengi hutoweka yenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo anayeambiwa "uchunguzi wa saratani umekuta kitu" amekwisha kuhukumiwa na istilahi kabla ya daktari kufungua kinywa.

Neno linalofaa ni uchekechaji. Waingereza wenyewe, ambao baadhi ya wataalamu wetu huwaamini kuliko kamusi, walilitoa la kwao, "screening", kwenye chekeche la kokoto na makaa. Ajabu ni kwamba sisi, ambao jiko letu lina kitenzi kwa kila namna ya kutenganisha, tukaenda kuazima kwa wapelelezi. Kupepeta hupeperusha makapi, kuchambua huokota mawe kwenye mchele, kuchuja hubakiza tui na kutupa machicha. Kuchekecha ni kwingine: unga laini hupita, chenga hubaki juu, na chenga hizo hazitupwi, hurudishwa kinuni. Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye majibu ya shaka huitwa tena, shingo ya kizazi ikapakwa siki na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, na ikibidi kinyama kikakatwa kwenda maabara. Hapo ndipo uchunguzi, kwa jina lake halali, unapoanza.

Wapo wanaong'ang'ania mchujo. Huo umezoeleka, naam, kwenye kura za maoni na mashindano ya mpira, ambako aliyechujwa amekwisha. Kuchunga nako ni kuchekecha, lakini uchungaji umeshatwaliwa na makanisa. Waoga zaidi husema "uchunguzi wa awali", kana kwamba kila mwanamke anangojewa na wa mwisho, ilhali wengi hawatauhitaji kamwe. Ama ile hoja kwamba uchekechaji utawakumbusha watu shule ya chekechea, ni mzaha uliovaa joho: saratani kwa Kiarabu ni kaa, na hakuna aliyekwenda kliniki akidhani anatafutwa kaa.

Matumizi ni mepesi: uchekechaji wa shingo ya kizazi, tangu miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Kitenzi nacho hunyumbulika bila taabu: kuchekechwa, aliyechekechwa, asiyechekechwa. Wanakamati wa istilahi na wajaribu kuunyumbulisha "uchunguzi wa awali".