Mafaili matatu yaliyoteka vifaa vidogo

Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua salama kwenye sayari ya Mirihi. Haikupita muda kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Tatizo lilikuwa zamu. Kazi ndogo ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa ilishika kufuli ambalo kazi nyeti ya kusimamia mawasiliano ndani ya chombo ililihitaji. Kabla haijaliachia, kazi za daraja la kati ziliipokonya zamu. Ile nyeti ikabaki inangoja, muda ukaisha, mfumo wa ulinzi ukaamuru kompyuta ianze upya. Wahandisi wa maabara ya JPL, California, waliiga hitilafu hiyo hapa duniani, kisha wakatuma rekebisho: aliyeshika kufuli apandishwe daraja kwa muda hadi amalize.

Mambo ya namna hiyo ndiyo kazi ya mfumo endeshi wa wakati halisi. Haupimwi kwa kasi tu. Breki ya gari ikitoa jibu sahihi baada ya muda wake kupita, imekosea.

Pathfinder ilitumia VxWorks, mfumo wa kununua wa kampuni ya Wind River. Mifumo huria kama RTEMS ilikuwa imeshaanza, ila ililenga zaidi kompyuta zenye nguvu kuliko vile vichipu vya bei ya chini. Mtengenezaji wa kifaa kidogo aliishia kulipia leseni, au kujiandikia kitanzi kimoja kinachozunguka kazi zote na kuomba Mungu kisikwame.

Mwaka 2003 mhandisi Richard Barry, huko Uingereza, alianza kutoa FreeRTOS. Kiini chake kimo katika mafaili matatu ya lugha ya C: moja la kazi, moja la foleni, moja la orodha. Huongezwa sehemu fupi inayolingana na chipu husika. Kwa kawaida hakizidi kilobaiti 12 za kumbukumbu, na kufuli zake zina ile kanuni ya kupandisha daraja.

Wengi husema FreeRTOS ulishinda kwa sababu ni wa bure. Kwangu, hiyo ni nusu ya jibu. Mtu mmoja anaweza kuusoma wote akauelewa, na leseni yake iliruhusu kampuni kubaki na siri ya programu yake yenyewe. Wanasheria wa viwandani walitaka hilo hasa.

Chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai ilipoingia sokoni mwaka 2016, ikiwa na Wi-Fi na Bluetooth, programu zake rasmi zilijengwa juu ya FreeRTOS. Mwanafunzi anayeiandikia programu kwa zana za Arduino anautumia, ajue asijue. Mwaka 2017 Amazon iliuchukua mradi na kuuweka chini ya leseni ya MIT, iliyo nyepesi zaidi. Zephyr, mfumo mwingine huria chini ya Linux Foundation, ulikuwa umezaliwa mwaka mmoja kabla.

Hata waliokuwa wakiuza wamelegeza. Mfumo wa ThreadX, ambao Microsoft iliununua mwaka 2019, ulikabidhiwa Eclipse Foundation mwaka 2023, msimbo wazi. Kwa kiasi kikubwa, anayelipa siku hizi analipia msaada na vyeti vya usalama, kama vile vya SAFERTOS, ndugu wa FreeRTOS anayeuzwa kwa watengenezaji wa vifaa vya tiba.