Mwizi mpya hana picha polisi: jinsi mashambulizi mapya ya mtandao yanavyonaswa

Wengi wetu tukikaa kwenye kompyuta ya kafe tukaona antivairasi ipo, roho inatulia. Haya, leo tuwaongelee wadudu ambao antivairasi haijawahi kuwaona.

Kuna njia kuu mbili za kugundua shambulio. Ya kwanza ni alama: kila kirusi kinachojulikana kina alama yake, programu inalinganisha tu, kama polisi na picha za wezi. Tatizo ni kwamba mwizi mpya hana picha.

Ya pili ni modeli ya tabia. Mwaka 1987 Mmarekani Dorothy Denning alichapisha modeli iliyofungua njia hii: unarekodi mfumo unavyotumika siku zote, kitu kikitoka nje ya kawaida kengele inalia.

Mfano ni mnyoo wa kompyuta uitwao Slammer, uliozuka tarehe 25 Januari 2003 ukishambulia seva zenye Microsoft SQL Server 2000. Ulikuwa na baiti 376 tu, mfupi kuliko habari hii! Mwanzoni mashine zilizoambukizwa ziliongezeka maradufu kila sekunde 8.5. Piga hesabu: kwa mwendo huo, mashine 1 inazaa 128 ndani ya dakika moja. Katika dakika 10 ulishaingia kwenye kama asilimia 90 ya seva zilizokuwa wazi. Korea Kusini intaneti ilizimika sehemu kubwa, na kule Marekani ATM nyingi za Bank of America ziligoma. Nani angewahi kutengeneza alama?

Lakini tabia yake ilijianika: seva iliyozoea kuongea na mashine chache ghafla inatuma maelfu ya pakiti kwa sekunde kwenye anwani za kubahatisha, zote lango namba 1434. Modeli inayoijua kawaida ya seva hiyo inaweza kuishtukia hapo hapo.

Ila modeli nayo si dawa ya kila kitu. Mtandao wenye matukio 1,000,000 kwa siku, modeli ikikosea asilimia 1 tu, ni kengele 10,000 za uongo. Fundi atachoka, ataacha kuzisikiliza. Na wajanja wengine huingia polepole, wafanane na watumiaji wa kawaida. Ndiyo maana njia zote mbili hutumika pamoja, na modeli hufundishwa upya matumizi yakibadilika.

La mwisho: Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu hilo Julai 2002, miezi sita kabla. Seva zilizoambukizwa hazikuwa nacho. Je, kompyuta uliyoikalia sasa hivi iliwekewa viraka lini? Muulize jamaa wa kaunta, halafu tujuze kwenye maoni. Tupo pamoja!