Mzigo na Njia Zake: Funzo la Usambara

Seva inapoifikia safu ya diski kwa njia kadhaa, wafasiri husema mzigo "husawazishwa". Je, neno hilo lafaa? Hatuna budi kuitazama historia ya Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kuelekea Moshi. Mizigo ya milimani iliifikia reli hiyo kwa njia zisizolingana: vichwa vya wapagazi, barabara iteremkayo Mombo, na, kabla ya vita vya 1914, kamba ya chuma iliyoshusha mbao za Shume hadi Mkumbara. Kuzipa njia hizo mizigo sawa kungalimwelemea mpagazi na kuiacha kamba ikining'inia bure.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Kupeleka data kwa zamu hufaa njia zikilingana. Zisipolingana, hutafutwa njia yenye foleni fupi. Na moja ikikatika, zilizobaki huubeba mzigo wake. Hivyo basi, twapendekeza "uwianishaji wa mzigo". Fundi aambiwaye "sawazisha" aweza kuirundikia data njia iliyo dhaifu.