Umemaliza dawa za homa ya ini C, lakini bado hujisikii vizuri?

Siku ya kumeza kidonge cha mwisho ni siku ya furaha. Wiki 12 zimepita, au 24 kwa baadhi ya wagonjwa, na familia nzima inatarajia kumwona mgonjwa akirudi kama zamani. Kisha wiki zinapita na bado anachoka, kichwa kinamgonga, usiku hapati usingizi. Watu wa nyumbani wanaanza kuuliza: "Si umepona? Mbona bado umelala?"

Kama ni wewe uliyemaliza dawa, au unamhudumia mume, mama mzazi au mtoto aliyemaliza, makala hii itakusaidia kujua lipi ni la kawaida, lipi la kufanya nyumbani, na lini usisubiri.

Je, ni kawaida kujisikia hivi baada ya dawa kuisha?

Ndiyo, kwa muda. Vidonge vinavyotumika sasa, kama sofosbuvir pamoja na daclatasvir au velpatasvir, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaovimaliza. Maudhi yake kwa kawaida ni madogo: uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kwa watu wengi hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha dawa.

Uchovu ndio unaochelewa kuondoka. Mara nyingi hautokani na dawa peke yake. Virusi vilikuwa vikiliumiza ini kwa miaka, na mwili unahitaji muda kujijenga upya. Wengine hupata nafuu kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Huo si uvivu, na mgonjwa asisemwe kwa ajili yake.

Waliotibiwa zamani kwa sindano za interferon huenda waliteseka zaidi: huzuni nzito, nywele kunyonyoka, upungufu wa damu, na wakati mwingine matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Kama ulipata sindano hizo na hadi leo unachoka kupita kiasi, unanenepa au kukonda bila sababu, au moyo unakwenda mbio, omba upimwe tezi hiyo.

Kabla ya kulaumu dawa, tafuta sababu nyingine

Uchovu ukizidi mwezi mmoja baada ya kumaliza dawa, rudi kituo cha afya. Mambo haya hupimika na mengi yanatibika:

- Upungufu wa damu, hasa kwa aliyepewa ribavirin au mama mwenye hedhi nzito
- Malaria au maambukizi mengine
- Kisukari
- Tezi ya thairoidi
- Makovu kwenye ini
- Sonona, yaani huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya mambo na kujiona huna thamani

Sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mtu akisema anatamani kufa au kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Unachoweza kufanya nyumbani

*Uchovu.* Gawa kazi. Fua leo, kasafishe shamba kesho. Fanya kazi nzito asubuhi ukiwa na nguvu, kisha pumzika kidogo mchana, isizidi nusu saa ili usingizi wa usiku usiharibike. Tembea polepole dakika 10 au 15 kila siku na uongeze kadiri unavyoweza. Kulala kutwa nzima huongeza uchovu.

*Kichwa kuuma.* Anza na maji ya kunywa na chakula. Ukihitaji dawa, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa ini ikitumika kwa kipimo. Mtu mzima mwenye makovu kwenye ini asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Mwenye makovu kwenye ini aepuke diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuumiza figo na kusababisha kutokwa damu tumboni.

*Kichefuchefu.* Kula kidogo kidogo mara nyingi. Uji mwepesi, ndizi za kuchemsha au chai ya tangawizi huwasaidia wengi.

*Usingizi.* Acha chai ya majani na kahawa kuanzia alasiri. Lala na kuamka saa zile zile. Weka simu mbali.

*Chakula.* Huhitaji chakula cha gharama. Maharage, dagaa, mayai, mboga za majani na matunda vinatosha. Chambua mahindi na karanga zenye ukungu na uzitupe, usiwape hata kuku. Ukungu huo una sumukuvu, ambayo huharibu ini na huongeza hatari ya saratani ya ini.

*Pombe na dawa za kienyeji.* Ini linalopona halihitaji pombe, hata kidogo. Wala halihitaji mizizi au unga wa "kusafisha ini". Baadhi ya dawa hizo ndizo zinazoliumiza.

Kipimo kinachosema kweli

Hapa ndipo watu wengi huumia moyo bila sababu. Mama mmoja alinijia akilia. Alikuwa amemaliza dawa, kisha akapimwa kwa tone la damu ya kidole mahali pengine, na kipimo kikaonyesha kuwa ana homa ya ini C. Aliamini dawa zimeshindwa, na kwamba uchovu wake ulikuwa ugonjwa uliorudi. Mumewe naye alianza kumshuku.

Kipimo kile hakikupima virusi. Kilipima kingamwili, yaani alama ambayo mwili huiweka baada ya kupambana na ugonjwa. Alama hiyo hubaki kwa kawaida maisha yote, hata kwa aliyepona kabisa. Kipimo cha kuthibitisha kupona ni kile kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu, na hufanyika wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Virusi visipoonekana, umepona. Yule mama alipopimwa hivyo, virusi havikuonekana.

Basi omba majibu hayo kwa maandishi na uyatunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Yatakusaidia kila utakapopimwa tena.

Kupona hakukupi kinga. Ukichangia sindano au wembe, au ukitogwa au kuchanjwa chale kwa kifaa kisichochemshwa vizuri, unaweza kuambukizwa upya. Homa ya ini C haina chanjo. Homa ya ini B inayo, nawe uulize kama unaistahili.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

*Mwenye makovu makubwa kwenye ini.* Virusi vimeondoka, lakini hatari ya saratani ya ini inabaki, ingawa imepungua. Anahitaji kipimo cha altrasaundi kila miezi 6, hata kama anajisikia mzima.

*Aliyewahi kuwa na homa ya ini B.* Virusi vya B vinaweza kuamka wakati wa matibabu ya C au baada yake. Macho yakiwa ya njano katika miezi ya mwanzo, wahi hospitali na utaje dawa ulizotumia.

*Mwenye kisukari.* Baada ya virusi kuondoka, sukari inaweza kushuka, na dozi ya zamani ikawa kubwa mno. Kutetemeka, jasho jingi na njaa ya ghafla ni dalili za sukari kushuka. Mpe kitu kitamu kama anaweza kumeza, kisha apelekwe kupimwa.

*Aliyetumia ribavirin.* Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke azuie mimba kwa miezi 9 baada ya kuimaliza. Kama ni mwanamume aliyeitumia, wenzi wazuie mimba kwa miezi 6.

*Mtoto aliyezaliwa kabla mama hajapona.* Takribani watoto 5 au 6 kati ya 100 huambukizwa na mama zao. Kipimo cha kingamwili kifanyike akitimiza miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo kinaweza kuonyesha alama za mama. Mtoto akiwa na ugonjwa, siku hizi anaweza kutibiwa kuanzia umri wa miaka 3. Maziwa ya mama hayaambukizi. Kama chuchu zina michubuko na zinatoa damu, kamua na umwage hadi zipone.

Usisubiri, nenda hospitali leo

- Macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi
- Tumbo kujaa au miguu kuvimba
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami
- Kuchanganyikiwa, au kusinzia kusiko kwa kawaida
- Homa kali, au maumivu makali ya tumbo

Neno kwa wewe unayeuguza

Mgonjwa wako hahitaji kuambiwa kila siku kwamba "ameshapona". Muulize, "Leo uko vipi?" na usikilize. Andika kwenye daftari siku aliyomaliza dawa, dalili anazopata na zinapoanza, na uende nalo kliniki. Daftari hilo humsaidia muuguzi au daktari kuona kama hali inakuwa bora au mbaya.

Nawe pumzika. Omba dada, jirani au mtoto mkubwa akupokee siku moja kwa wiki. Kuguza mtu ni kazi ndefu, na anayeiguza nyumba nzima asipopumzika, kesho ataugua yeye.