Karne ya KFA, Ikitazamwa Kutoka Vilima vya Gusii

Nyanya yangu hakununua jembe asilolisikia kwanza. Alilining'iniza kwa kidole kilichopita tunduni, akaligonga kwa ufunguo wa nyumba, akatega sikio. Likilia kama kengele, alilipia. Likitoa sauti butu, alilirudisha juu ya kaunta na kuomba jingine. Kaunta hiyo ilikuwa ya KFA mjini Kisii, na karani hakumkimbiza, kwa maana kila mama aliyeshuka matatu kutoka Nyamira au Ogembo alifanya vivyo hivyo.

Chama hicho cha wakulima, Kenya Farmers Association, kilianzishwa mwaka 1923, na hakikuanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye. Walioanza walikuwa walowezi wa Kizungu waliotaka kuuza mazao yao kwa sauti moja na kununua mahitaji ya shamba kwa jumla. Makao makuu yakawa Nakuru. Wakati huo Mgusii hakuwa na ruhusa hata ya kupanda kahawa. Ruhusa hiyo ilianza kutolewa kwa majaribio katika miaka ya 1930, Kisii na Meru zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza.

Gusii ilikuwa na mafundi wake. Abaturi, wahunzi wetu, walifua majembe na mikuki muda mrefu kabla serikali ya kikoloni haijaweka kituo chake Getembe, mji wa Kisii wa leo, mwaka 1907. Kituo kilifuatwa na maduka ya Wahindi, na maduka yakaleta vyuma vya viwandani ambavyo mhunzi mmoja na mivukuto yake hangeweza kushindana navyo kwa bei. Panga lililopigwa chapa ya mamba lilitoka Birmingham, Uingereza, kwa kampuni ya Ralph Martindale iliyoanza mwaka 1874. Wengi hawakujua kusoma jina la kampuni, lakini mamba walimjua. Jogoo naye alijulikana kwenye majembe. Ndivyo watu walivyoagiza: mletee mama jembe la jogoo.

Baada ya uhuru mlango wa KFA ulimfungukia mkulima Mwafrika, na hapo ndipo historia yake inapoingia nyumbani kwetu. Shirika la majani chai, KTDA, liliundwa mwaka 1964, na chai ikapanda vilima vya Nyamira pamoja na pareto na kahawa. Bonasi ya chai ikilipwa, safari ya kwanza ilikuwa ada ya shule, ya pili KFA. Chini ya paa moja ulipata mbegu, mbolea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, waya, misumari, jembe la meno, panga, kisu cha kupogolea chai. Ulipewa risiti, na kifaa kikivunjika kabla ya msimu kwisha, ulikuwa na mahali pa kurudi.

Mtu wa nyanda tambarare huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Kwetu trekta haipandi. Miteremko ni mikali na shamba lenyewe limegawanywa kwa wana na wajukuu hata ng'ombe wa kulima hana pa kugeukia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo mno. Udongo huu hulimwa kwa mkono. Jembe bovu hapa ni njaa, ni mgongo wa mwanamke uliochoka bure.

Mwaka 1984 serikali ya Rais Moi iliigeuza KFA kuwa ushirika wa wakulima wa nafaka, KGGCU. Jina la zamani lilirudi mwaka 1996, lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1990 soko la mbolea na nafaka lilikuwa limefunguliwa, madeni yalikuwa yameibana, na kila kituo cha soko kilikuwa na agroveti yake. Haikufa, lakini ilisinyaa. Mjini Nakuru wenyeji bado huelekezana kwa mzunguko wa barabara unaoitwa KFA.

Tulidhani maduka makubwa mapya, supamaketi, yangeshika nafasi ile. Uchumi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1975, kisha Nakumatt na Tuskys zikatanda nchini, Tuskys ikafika hadi Kisii. Rafu ya zana ilikuwepo, karibu na ndoo za plastiki. Wadai wa Nakumatt waliamua Januari 2020 ifilisiwe, na Tuskys ikaanguka muda mfupi baadaye. Hata Marekani, kampuni ya maduka ya Sears iliyouza zana za Craftsman tangu 1927, na kumpa mnunuzi kifaa kipya cha mkono kila cha zamani kilipovunjika, iliuza jina hilo mwaka 2017 na kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka uliofuata. Chapa imebaki, mikononi mwa kampuni nyingine.

Leo majembe yanauzwa katika masoko ya Daraja Mbili na Keroka, yamepangwa juu ya gunia. Wauzaji ni watu waungwana wanaotafuta riziki, na baadhi ya majembe ni mazuri. Lakini jogoo mwenyewe siku hizi ana sura nyingi, na muuzaji hajui ametoka kiwanda gani. Mafundi wa jua kali hufua mengine kwa chuma chakavu. Hayo nayapenda zaidi, kwa kuwa yakipinda namjua fundi na kibanda chake.

Jembe la nyanya bado ninalo. Mpini wa mpera umebadilishwa mara tatu, umekazwa kwa kipande cha tairi. Ubapa umelika hadi umekuwa mdogo kuliko kiganja changu, ila chapa ilipigwa juu, karibu na tundu, mahali udongo haufiki. Juzi nililiosha, nikalining'iniza kwa kidole na kuligonga kwa ufunguo. Linalia.