Utambuzi na Uthibitishaji wa Kielektroniki wa Chipu za Kasino

Utambuzi wa kielektroniki wa chipu za kasino ni utaratibu unaoiwezesha mashine kujua, kwa njia ya mawimbi ya redio, ni chipu ipi iliyo mbele yake kati ya maelfu yanayofanana nayo kwa rangi na umbo. Chipu, yaani kile kidude cha duara ambacho mchezaji hupewa badala ya fedha taslimu, huwekewa ndani yake kitambulishi, ambacho ni saketi ndogo ya silikoni iliyounganishwa na antena ya waya mwembamba, na kitambulishi hicho hutaja namba yake ya pekee kila kinapokaribia kisomaji. Uthibitishaji ni hatua nyingine iliyo ngumu zaidi, kwa kuwa hauulizi namba tu, bali unadai ushahidi kwamba kitambulishi kinachoitaja namba hiyo ndicho kile kilichosajiliwa na kasino, wala si nakala yake. Hatua hizi mbili huchukuliwa mara nyingi kuwa kitu kimoja, na kosa hilo ndilo mlango mpana zaidi ambao mghushi anaweza kuupitia.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lina uzito, yafaa kwanza kutazama chipu ni nini kisheria. Kanuni ya 12 ya Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya jimbo la Nevada, nchini Marekani, inaeleza kwamba chipu ni kiwakilishi tu cha thamani, kinachothibitisha deni ambalo kasino inadaiwa na yule aliyenayo, na kwamba chipu yenyewe hubaki kuwa mali ya kasino iliyoitoa. Kwa maneno mengine, mchezaji anayetoka ukumbini na chipu mfukoni hakubeba fedha wala mali yake, bali amebeba hati ya deni isiyo na jina la mdai. Kwa kuwa haina jina, yeyote anayeifikisha kwenye dirisha la keshia hulipwa. Na kwa kuwa hulipwa bila kuulizwa mengi, chipu imekuwa kishawishi cha wezi, waghushi na watakasaji wa fedha haramu kwa pamoja.

Mfano unaoeleza hali hiyo vizuri ni wizi uliotokea katika kasino ya Bellagio, jijini Las Vegas, tarehe 14 Desemba 2010, pale mtu mmoja aliyevaa kofia ya pikipiki alipoingia akiwa na bastola, akachukua kwenye meza chipu zenye thamani ya takriban dola milioni 1.5, kisha akatoroka kwa pikipiki yake. Kasino haikuhitaji kumkimbiza ili kuilinda hazina yake. Ilitangaza kwamba toleo lake la chipu za dola 25,000 linaondolewa katika matumizi, na kwamba aliyekuwa nazo kihalali azirejeshe kabla ya tarehe 22 Aprili 2011, baada ya hapo zisingelipwa tena. Mwizi alikamatwa miezi michache baadaye, alipojaribu kumuuzia chipu hizo askari aliyejifanya mnunuzi. Hata hivyo, kufuta toleo zima ni dawa kali, maana humsumbua kila mteja mwaminifu aliyeweka chipu nyumbani kwake. Pale ambapo kila chipu ina namba yake na namba hiyo imo kwenye hifadhidata, kasino inaweza kuzifunga zile zilizoibwa peke yake na kuziacha nyingine zote zikitumika, na hapa ndipo faida kubwa ya utambuzi wa kielektroniki ilipo.

Kabla ya teknolojia hiyo, ulinzi wote ulikuwa katika umbile la chipu. Chipu ya kawaida ya Marekani ina kipenyo cha takriban milimita 39 na unene unaozidi kidogo milimita 3, na mtengenezaji huipa mabaka ya rangi ukingoni, michoro iliyokandamizwa kwenye uso wake, maandishi madogo yasiyosomeka kwa macho matupu, na wino unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Alama hizi zinasaidia sana, lakini zina udhaifu mmoja wa asili, nao ni kwamba kinachoweza kuonekana kinaweza kuigwa na fundi mwenye subira. Louis Colavecchio wa jimbo la Rhode Island, aliyekamatwa mwaka 1996, alijulikana kwa kughushi tokeni za mashine za kamari kwa ustadi uliowatatiza hata wataalamu waliopewa kazi ya kuzitofautisha na zile halisi.

Kasino ya Wynn Las Vegas, iliyofunguliwa tarehe 28 Aprili 2005, ilikuwa miongoni mwa kasino kubwa za mwanzo kuanza kazi ikiwa na chipu zenye vitambulishi. Utengenezaji wa chipu za aina hii umekuwa mikononi mwa kampuni chache. Inayojulikana zaidi ni Gaming Partners International, iliyozaliwa mwaka 2002 kutokana na kuungana kwa kampuni ya Marekani ya Paul-Son na ile ya Kifaransa ya Bourgogne et Grasset, iliyoanza kazi mjini Beaune tangu mwaka 1923, kabla ya muungano huo kununuliwa na kampuni ya Kijapani ya Angel mwaka 2019.

Kitambulishi cha chipu hakina betri. Kisomaji, ambacho antena yake hufichwa chini ya kitambaa cha meza, ndani ya trei ya mgawa karata au kwenye kaunta ya keshia, hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa masafa ya megahezi 13.56, na uga huo unapopita katika antena ya kitambulishi huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaotosha kuiamsha saketi. Saketi haitangazi mawimbi yake yenyewe. Hubadilisha kidogo kidogo kiasi cha nishati inachokinyonya kutoka katika uga huo, na kisomaji huyahisi mabadiliko hayo na kuyafasiri kuwa namba. Kwa kuwa mawasiliano haya hutegemea sumaku ya karibu na si wimbi linalosafiri mbali, umbali wa kusoma huishia kwenye sentimita chache au makumi machache ya sentimita, jambo ambalo kwa kasino ni heri, kwa sababu meza inatakiwa isome madau yaliyowekwa juu yake tu na isiguse yale yaliyo kwenye meza jirani au mfukoni mwa mpita njia.

Ugumu halisi huanza chipu zinapopangwa. Wachezaji huzirundika moja juu ya nyingine, na kwa desturi safu kamili ni chipu 20, hivi kwamba antena ishirini hukaa zikiwa zimetenganishwa kwa milimita chache tu. Antena zilizosongamana namna hiyo huathiriana: kila moja hunyang'anya jirani yake sehemu ya nishati na kuyasogeza masafa yake mbali na yale iliyokusudiwa, na matokeo yake ni kwamba kitambulishi kinachosomeka vizuri kikiwa peke yake huenda kikanyamaza kikiwa katikati ya safu. Mhandisi hulazimika kubuni antena kwa kuizingatia safu nzima, si chipu moja, na ndiyo maana vitambulishi vinavyotumika kwenye vitabu vya maktaba au vifurushi vya dukani haviwezi kuingizwa tu ndani ya chipu na kutegemewa.

Tatizo la pili la safu ni kwamba vitambulishi vyote husikia swali kwa wakati mmoja na vyote hutaka kujibu. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 15693, ambacho hukipa kila kitambulishi namba yenye biti 64, kisomaji hugawa muda wa kujibu katika nafasi 16 kulingana na biti fulani za namba, na pale ambapo majibu mawili yanagongana hurudia swali kwa masharti finyu zaidi, sawa na mwalimu anayeita majina darasani kwa herufi za mwanzo pindi wanafunzi wengi wanapoitikia pamoja. Njia hiyo hufanya kazi, lakini huchukua muda. Kwa ajili hiyo kampuni ya Magellan ya Australia ilibuni mbinu nyingine, iliyokuja kuingizwa katika kiwango cha ISO/IEC 18000-3, ambapo vitambulishi hujibu kupitia njia nane za masafa kwa pamoja, na ambapo amri za kisomaji hutumwa bila kupunguza nguvu ya uga, ili vitambulishi vilivyo mbali au vilivyobanwa visikose umeme katikati ya mazungumzo.

Namba ikishasomwa, hifadhidata huonyesha thamani ya chipu, tarehe iliyotolewa na mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Ni muhimu kufahamu kwamba katika mfumo uliobuniwa vyema thamani huhifadhiwa katika daftari la kasino na si kwa kuandikwa tu ndani ya chipu, maana kilichoandikwa ndani ya chipu kinaweza kuandikwa upya. Mtu akitoa kitambulishi cha chipu ya dola 5 na kukiweka katika umbo la chipu ya dola 500, mfumo utasoma dola 5, na tofauti kati ya kile jicho linachoona na kile daftari linachosema itamfichua.

Lakini namba pekee si uthibitisho. Kitambulishi cha kawaida humtajia namba yake yeyote anayeuliza, na mwenye kisomaji cha bei nafuu anaweza kuisikia namba hiyo na kuipandikiza katika kitambulishi tupu. Kinga ya kweli hupatikana kwa mtihani wa siri: kisomaji hutuma namba ya kubahatisha isiyojirudia, kitambulishi huisimba kwa ufunguo wa siri usiotoka nje kamwe, na kisomaji hulinganisha jibu na lile lililotarajiwa. Anayesikiliza mazungumzo hayo hafaidiki, kwa kuwa swali la kesho halitakuwa la leo. Vitambulishi vya namna hii vipo kwa masafa yaleyale ya megahezi 13.56, vikitumia usimbaji wa AES wenye ufunguo wa biti 128, na busara hudai kila chipu iwe na ufunguo wake, ili kuvunjwa kwa chipu moja kusivunje nyingine zote.

Somo kuhusu jambo hili lilitoka nje ya kasino. Kadi za MIFARE Classic, zilizotumika kwa mamilioni katika usafiri na milango ya ofisi, zilitegemea usimbaji ambao mtengenezaji wake aliuficha akiamini kwamba siri ndiyo nguvu, hadi watafiti, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, walipouvunja hadharani mwaka 2008. Mfumo wa chipu unaosifiwa kwa kuwa hakuna ajuaye unavyofanya kazi unastahili kutiliwa shaka zaidi ya ule ambao mbinu yake inajulikana na funguo zake pekee ndizo zilizofichwa.

Kuna pia suala la chipu inayonyamaza. Saketi huweza kuharibika kwa kuanguka, kwa joto au kwa kuzeeka, na chipu halali iliyokufa ndani haitofautiani, mbele ya kisomaji, na chipu bandia isiyo na kitambulishi kabisa. Kumnyima malipo mteja kwa sababu mashine haikusikia kitu ni dhuluma, maana deni halifutiki kwa kufa kwa saketi. Hivyo alama za zamani za rangi, uzito na wino hazikupoteza kazi, na mkaguzi mwenye ujuzi bado ndiye mwamuzi wa mwisho.

Vilevile teknolojia hailindi kile ambamo haikuwekwa. Mnamo Januari 2014, katika kasino ya Borgata, Atlantic City, mashindano ya poka yalisimamishwa wakiwa wamebaki wachezaji 27, baada ya kugunduliwa kwamba chipu bandia zilikuwa zimeingizwa mchezoni. Mhusika alijaribu kuzitupa nyingine katika choo cha hoteli ya Harrah's zikaziba mabomba, na hatimaye akafungwa. Chipu za mashindano hazibadilishwi moja kwa moja kwa fedha, na ndiyo maana huelekea kupewa ulinzi hafifu, ingawa zawadi zinazoamuliwa nazo ni fedha halisi kabisa.

Kwenye meza za kila siku, utambuzi huu umekuja kutumika zaidi kwa kupima kuliko kwa kukamata. Meza yenye antena hujua dau liliwekwa lini na la kiasi gani, hivyo mchezaji anayeongeza chipu baada ya matokeo kujulikana, hila ya kale katika ruleti na blackjack, hugunduliwa papo hapo. Huko Macau, ambako bakara ndiyo mchezo unaotawala, meza za aina hii zimeenea haraka katika miaka ya karibuni. Zamani msimamizi alikadiria kwa jicho wastani wa dau la kila mchezaji ili kasino iamue zawadi za kumpa. Katika bakara, dau la upande wa benki huiachia kasino faida ya takriban asilimia 1.06, hivyo mchezaji anayeweka wastani wa dola 100 kwa raundi 70 za saa moja anatarajiwa kupoteza takriban dola 74. Msimamizi akikosea na kuandika dola 150, hesabu hupanda hadi dola 111. Antena haikosei hivyo.

Usahihi huo una upande wake wa pili, nao ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini na wasimamizi wa sekta. Namba za chipu zikiunganishwa na kadi ya uanachama, kasino hupata kumbukumbu ya kila dau la mtu kwa miaka, na kumbukumbu hiyo inaweza kutumika kumtambua mapema aliyeanza kuzidiwa na kamari na kumzuia, au kumtambua mtu huyohuyo na kumtumia mwaliko wa chumba cha bure wikiendi ijayo. Kitambulishi ni kilekile katika hali zote mbili. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inahesabu namba yoyote inayoweza kumfikia mtu kuwa taarifa yake binafsi, na Kenya na Tanzania nazo zina sheria za kulinda taarifa hizo, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2019 na ya pili ya mwaka 2022. Chini ya sheria za namna hii, chipu iliyo mkononi mwa mchezaji ni mali ya kasino, lakini historia ya madau iliyokusanywa kupitia chipu hiyo ni taarifa ya mchezaji, naye ana haki ya kuuliza imehifadhiwa wapi, kwa muda gani na kwa ajili ya nini.