Petroli Ilisingiziwa Mara Mbili

Mwaka 2019 gari langu lilianza tabia ya kuzimika njiani. Ni Toyota Corolla la mwaka 1993, nililinunua likiwa limekwisha kuchoka kama mimi mwenyewe niliyekuwa nimestaafu ualimu mkuu. Likitoka Misigiri asubuhi lilikimbia vizuri, lakini likikaribia Iguguno, jua limepanda na injini imepata moto, lilikatika ghafla, bila hata kukohoa. Ukikaa nusu saa chini ya mti likawaka tena kana kwamba halikufanya kosa lolote.

Mafundi wawili walisema ni pampu ya mafuta. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Gari likiwa limezima, walichomoa mpira wa petroli, wakapiga stata, na petroli haikutoka. Nikanunua pampu kwa fedha ya pensheni. Juma la pili likazima tena, safari hii mke wangu akiwa ndani, namwahisha kliniki ya macho mjini Singida. Tulifika kliniki imefungwa.

Fundi wa tatu alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Kabla hajafungua boneti aliuliza, "Shikamoo Mwalimu. Hao waliotangulia walikuwa wakichomoa betri?" Nikasema walichomoa, kila mara. "Basi walikuwa wanafuta daftari."

Akanieleza. Zamani kabureta ilichanganya petroli na hewa kwa mvuto tu, bila kuuliza mtu. Toyota walianza kuuza magari yenye kupuliza petroli kwa amri ya umeme miaka ya 1970, na kadiri miaka ilivyokwenda kazi hiyo ikakabidhiwa kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya gari. Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa, yaani vijumbe vinavyoiletea habari za joto, hewa na mwendo wa injini. Kijumbe kimoja kikinyamaza, inaandika namba ya kosa katika kumbukumbu yake. Ukichomoa betri kumbukumbu inapotea. Leo mafundi wana mashine ya kusomea namba hizo, maana magari yote mapya ya toleo la 1996 na kuendelea yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na mfumo mmoja wa kusomwa. Langu ni la kabla ya hapo. Linasomwa kwa kipande cha waya.

Tukaendesha mpaka likazima. Kijana hakugusa betri. Alifungua kijisanduku chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili kwa waya, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaniambia nihesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikapepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara tatu. Kumi na tatu: taarifa ya mzunguko wa injini imepotea injini ikiwa inazunguka.

Katika gari hili sensa ya mzunguko imo ndani ya distributa. Taarifa yake ikikatika, kompyuta inaamini kwamba injini imesimama, hivyo inakata moto wa plagi na kuizima pampu pia. Pampu haikuwa imekufa. Ilikuwa imeamriwa inyamaze. Kijana akaishika soketi ya sensa, ikacheza kama jino bovu, kishikizo chake cha plastiki kimevunjika. Akasafisha vyuma vyake, akavibana, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Robo saa hivi.

Aliposema neno "distributa" nilikaa chini juu ya jiwe.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu kijana, nikisafiri mara kwa mara kwa Land Rover ya idara moja wilayani. Wanaokumbuka wanajua ulikuwa mwaka gani. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, petroli ilitolewa kwa kibali, magari binafsi yalipigwa marufuku Jumapili mchana, na tangu Machi Sokoine alikuwa akiongoza msako wa wahujumu uchumi. Land Rover ile ilizimika tukipanda mlima Sekenke, si mara moja. Dereva alisema injini inakatika kwenye mlima, na kwamba amekwisha kuwaambia watu wa karakana waangalie nyaya. Mimi niliona jambo moja tu: gari lililosimama, na dereva aliyepata nafasi ya kuuza petroli ya umma. Niliandika barua. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hizo.

Alishikiliwa siku kadhaa, akaachiwa bila kushitakiwa, lakini kazi hakurudishiwa. Miezi kadhaa baadaye fundi wa karakana alinisimulia, kama kichekesho, kwamba waya mwembamba wa platini ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Mlimani, dereva akikanyaga mafuta, bamba la ndani ya distributa husogea kidogo na kuuvuta waya ule. Kwenye tambarare ulishikana tena. Nilicheka pamoja naye. Sikuandika barua ya pili.

Baada ya gari kupona nilikwenda Shelui kumtafuta. Nilimkuta hai, mzee kuliko mimi, akipepeta alizeti uani na wajukuu. Alinitambua kabla sijajitaja. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikianzia Corolla, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuanzia 1983. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye waya.

"Ule wa platini," alisema. "Nilikuambia nyaya, Mwalimu."

Nikasema ndiyo, aliniambia. Akamwita mjukuu alete kigoda kingine, kisha akataka kujua ile taa inapepesa vipi.